Mtoto wa Kesho Yake

Kwa miaka kadhaa kazi yangu mjini Uvira ilikuwa kuandika watoto wachanga ndani ya kompyuta. Mzazi anakaa, anataja jina la mtoto, jina la mama na siku ya kuzaliwa, mimi najaza fomu kwenye skrini, mashine ya kuchapa inakohoa, karatasi inatoka. Bila karatasi hiyo mtoto hapokelewi shuleni, na akiwa mkubwa hana cha kuonyesha kwamba alizaliwa, hata akiwa amesimama mbele yako.

Mashine ilikuwa na kasoro moja: haikupenda mapacha. Ukiandika wa kwanza, inapokea. Ukiandika wa pili, mama yuleyule, siku ileile, inajibu kwamba mtoto huyu tayari yupo. Fundi aliyetutengenezea fomu alikuwa Kinshasa. Nilipompigia simu aliniambia nimwandike wa pili kuwa amezaliwa kesho yake, mambo yaishe. Mambo yakaisha. Tangu hapo nikawa natoa karatasi za mapacha zikiwa zimekunjwa, mama anazifunga kwenye ncha ya kitenge, anashukuru, anaenda. Nilijiona mjanja sana.

Halafu akaja baba mmoja wa Kiringye, mkulima wa mpunga, pamoja na mkewe aliyebeba mmoja mgongoni na mmoja kifuani. Baba huyu alikuwa na ugonjwa wa kusoma kila karatasi. Alizikunjua karatasi palepale, akazilaza sambamba juu ya meza yangu, akazipitia kwa kidole.

"Mama," akasema, "huyu mumemuandika siku yake, huyu mumemuandika kesho yake. Minye nilikuwa pale. Balitoka pamoja, hata maji ya chai haikukuwa imechemuka katikati."

Nikamweleza tabia ya mashine. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akanirudishia karatasi zote mbili.

"Basi ufute na huyu wa kwanza. Batabakia bote bila karatasi."

Haukuwa ukaidi. Kwa watu wa bonde la Ruzizi pacha hatenganishwi. Ukimnunulia mmoja kofia, unanunua mbili. Mmoja akikosea, wanachapwa wawili. Kuwagawia siku tofauti ni kuwaitia mabaya. Nililijua hilo tangu utotoni, na ndiyo maana nilikuwa nakunja karatasi, wasione.

Hawakugomba. Waliketi kwenye benchi wakasema watangojea. Aliyekasirika ni mimi, na hasira yenyewe sikuwa na wa kumpa, maana watoto wawili walikuwa wanakosa karatasi kwa ujanja wangu.

Sasa, hifadhidata si mchawi. Ikikataa, inakataa kwa sababu iliyoandikwa mahali. Jedwali la watoto lina safu, na kila safu ina masharti yake: inachukua maneno au namba, ya urefu gani, inaruhusiwa kuachwa tupu au la, na ikiachwa tupu inajazwa nini. Iko amri ya mstari mmoja inayoyataja hayo yote. Lakini neno la siri la kuingilia huko lilikuwa ndani ya kabati la shefu, mkubwa wangu wa kazi, na kabati la shefu lilifunguliwa kwa barua.

Shefu aliketi hatua tatu kutoka kwangu. Mchana tulikuwa tunaazimana chumvi. Shida yote alikuwa ameisikia, kwa sababu biro yetu, yaani ofisi nzima, ni chumba kimoja.

"Mama, weye unajua utaratibu," akasema. "Bila barua, minye sijasikia kitu."

Nikaandika nakala tatu, nikainuka, nikamkabidhi, akagonga muhuri wa kupokea, nikarudi kuketi. Jibu lilikuja kesho yake ndani ya bahasha, akaileta mwenyewe. Ombi langu lilikuwa na kasoro: sikutaja ni safu ipi ninayotaka kuiona. Nikajibu kwa barua kwamba safu hiyo siijui, ndiyo sababu naomba kuziona. Akajibu kwa barua kwamba biro haiwezi kutoa ruhusa ya kuona kitu kisichojulikana.

Kila asubuhi pikipiki iliwaleta wale watu wanne kutoka Kiringye. Wakakaa kwenye benchi wakitazama bahasha zikivuka chumba. Siku ya tatu baba akaomba naye asome. Alipitisha kidole, akafikiri kidogo.

"Andika 'safu yenye inakataa'," akaniambia. "Hiyo inajulikana. Siye bote tunaijua."

Nikaandika hivyo hivyo. Shefu akasoma mara mbili, akaandika pembeni kwamba anakubali, akagonga muhuri, akafungua kabati. Ndani mlikuwa na kipande kimoja cha karatasi chenye neno la siri, na pakiti ya biskuti.

Nikatoa amri. Safu zikajipanga kwenye skrini, na zote nilizijua isipokuwa moja: namba ya mtoto katika uzazi. Inachukua namba. Hairuhusiwi kuwa tupu. Isipojazwa, inajazwa moja. Na sheria iliyokuwa inatukatalia ilikuwa hii: mama, siku na namba hiyo vikifanana vyote vitatu, basi mtoto tayari yupo. Aliyechora jedwali alikuwa amewafikiria mapacha kabla yetu sote. Fundi wa fomu, aliyekuja baada yake, ndiye aliyeiacha safu hiyo nje, labda kwa kukosa nafasi.

Nikamrudishia wa pili siku ya mwenzake, nikampa namba mbili. Ikapokea bila neno. Shefu alinipa mkono. Nikazichapa karatasi upya, baba akazisoma zote mbili hadi chini, akatabasamu.

Mkewe, ambaye siku zote hizo hakuwa ameniambia zaidi ya salamu, akasimama.

"Mama, kuko mwenzangu wa Nyakabere, tulilala vitanda karibu siku ya kuzaa. Naye alipata mapasa. Alipita hapa mbele ya siye kufika. Yake iko na siku moja?"

"Hapana."

"Anajua?"

"Hajui."

Nikaiuliza hifadhidata ni watoto gani wana namba mbili. Alikuwako mmoja tu, aliyekuwa amelala mgongoni mwa mama huyo. Nikauliza tena: mama mmoja, watoto wawili, siku mbili zinazofuatana. Orodha ikashuka, ikapita mwisho wa skrini, na kila mstari niliuandika kwa mkono wangu. Niliona aibu.

Shefu akasema kwamba kurekebisha karatasi zilizokwisha kutolewa kunahitaji barua yenye sababu. Nikachukua karatasi nyeupe. Baba akasogea, aone nitaandika nini mahali pa sababu.

Nikaandika: niliwatenganisha mimi, nikijua.