Siku Maman Alianguka ku Maombi

Mara ya kwanza maman yangu alianguka, watu walimupigia makofi. Tulikuwa ku maombi ya karismatiki, pale parokia. Kiongozi alituomba tufunge macho, tukafunga, nikasikia puu! Maman iko chini. Wenzake wakaimba kwamba Roho ameshuka. Yeye mwenyewe aliinuka anacheka, vumbi ku kitenge, furaha tele. Lakini mimi niliona, akiinuka, namna visigino vyake vilikuwa vinatafuta sakafu. Sasa mimi ni nani nibishane na Roho Mutakatifu?

Akaanguka tena, na tena, kila maombi. Akapata hata sifa. Halafu akaanza kuanguka nyumbani, akiosha uso ao kuran ya umeme ikikatika na giza kuingia, na pale hakuna aliyeimba. Alisema miguu iko na ganzi, anakanyaga simenti anaisikia kama pamba. Na kwetu Nyalukemba ni miteremuko na ngazi tu. Akishuka kwenda soko, mimi nyuma yake, mukono tayari kumushika. Niliogopa, nisiseme uongo. Niliogopa asubui moja maman asisimame tena.

Nikamupeleka kwa munganga wa mishipa ya fahamu kwa nguvu, tukigombana njia yote, maman akiniambia natafutia Roho dawa. Munganga alimusimamisha, miguu pamoja, akamwomba afunge macho. Maman akamwangukia mikononi. Munganga akasema miguu haisikii tena chini, ni macho tu yanamusimamisha. Halafu akauliza maman anakunywa dawa gani.

Hakuna, alijibu, ila vile vidonge vya zinki, vile wanapatiaka watoto wa kuhara. Corona ilimutoa ladha mu kinywa, muuza dawa mumoja akamushauri zinki, ladha ikarudi. Naye akaendelea miaka, asubui, muchana na mangaribi. Kwake yeye, dawa ya mutoto haiwezi kudhuru mutu mukubwa.

Wakapima damu. Shaba ilikuwa karibu hakuna. Munganga alitueleza polepole: shaba ikizidi mu mwili inaharibu ini na bongo, mutu anatetemeka mikono. Lakini ile kidogo njo inasaidia kutengeneza damu na kulinda mishipa ya uti wa mugongo. Zinki ikiwa nyingi, inaifungia shaba mulango. Nilicheka kwa hasira. Inchi hii, dunia nzima inakuja kuchimba shaba yake, na maman yangu anakauka kwa kuikosa!

Akaacha zinki, akapewa shaba. Damu ilirudi vizuri. Miguu, nusu tu. Siku tulirudi kwa munganga, maman akiwa na fimbo juu ya mapaja, aliuliza kile mimi sikuthubutu kuuliza.

«Munganga, kama ningekuja mapema, ile siku ya kwanza?»

Munganga alimuangalia mu macho.

«Ungekuwa unatembea bila fimbo, maman.»

Maman akasema aksanti, kwa sauti yake ya kila siku. Halafu akaniomba nimuvalishe viatu, na nimwambie kama vimeingia vizuri.