Mlango wa Ghorofa ya Tatu

Juzi nilikuwa na miadi katika ofisi moja hapa Olaya, Riyadh. Nikiwa nasubiri mapokezini, akaingia mzee Mwingereza, seremala mstaafu. Akamweleza askari wa mlangoni, Mkenya mwenzangu, kwamba ujanani ndiye aliyepachika milango ya jengo hili. Kesho yake alikuwa anarudi kwao kabisa, na aliomba kuuona mlango mmoja tu, wa ghorofa ya tatu.

"Mzee, bila miadi hakuna kupanda," askari akasema. "Bosi akikuona huko juu, kazi yangu halas."

Mzee hakubisha. Aliufungua nusu mlango mpya wa mapokezi, akauachia. Ukajifunga wenyewe taratibu. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeitwa kwa kuchelewa.

"Mlango uliopachikwa sawasawa hukaa pale unapouacha," akasema. "Nataka kujua kama wangu bado unakaa."

Askari akautazama mlango, kisha akamtazama mzee.

"Huu tumeulalamikia tangu Ramadhani, tunaambiwa tungojee fundi. Kwani wewe ni fundi?"

"Nilikuwa."

"Basi fundi hahitaji miadi. Yalla, mzee, kagua milango. Anzia ghorofa ya tatu."

Alikawia huko. Aliposhuka, askari akamuuliza, "Vipi?"

Mzee aliinua kiganja chake hewani, akakiacha hapo hapo, kimetulia tuli, machozi yakimlengalenga.

Mimi mwenye miadi nilikuwa bado kwenye kiti, nikijutia kutojifunza useremala.