Aliyeita Mara Moja

Nilikuwa mtoto bado, wa kuvaa kaptula bila shati, na haya yote niliyaona kwa macho yangu mwenyewe. Shule niliiachia darasa la nne, lakini macho yangu yalisoma mpaka chuo. Asiyeamini aje kijiweni kwangu Rahaleo tubishane.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa karibu na mto Ruvuma, na ng'ambo kulikuwa na vita vya Mreno. Ndege zilipita juu ya mihogo yetu, mabomu yalitegwa njiani. Wazee wakamleta fundi kutoka Nanyamba akizindike kijiji. Akazika dawa zake pembe zote, akatoa sharti:

"Mtu huita mara mbili. Anayeita mara moja si mtu. Mkimwitikia, mmemkaribisha."

Tangu siku hiyo kila jina likawa na pacha wake. Hata mwalimu wetu, mtu wa bara aliyetucheka mwanzoni, akaanza kuita mahudhurio mara mbili mbili. "Mimi sitaki lawama," alisema.

Mjomba Likonde, kaka yake mama, alikuwa ng'ambo siku ya zindiko. Sharti hakulijua.

Adhuhuri moja, jua la utosi, kuku wamejificha, mama anatwanga. Ikaja sauti nje:

"Zuhura!"

Mchi ukabaki hewani. Nikasikia milango ya majirani ikifungwa taratibu, mmoja baada ya mwingine, kama watu wasiotaka kumwamsha mgonjwa. Mama akaufunga wetu.

"Mama, si mjomba huyo?"

"Nyamaza we! Hao hawashindwi kuiga sauti."

Kitu kikajiburuta uani, kikauegemea mlango. Mbao zikalia. Mama akapiga magoti, akanong'ona hata mimi nikamsikia kwa shida:

"Ongeza moja, kaka. Moja tu."

Pumzi tu, upande wa pili wa ubao.

Basi mama akashindwa, akafungua. Mjomba akaangukia ndani, mguu umeliwa na bomu, shuka limeloa damu. Akanywa kata nzima ya maji, akatutazama. "Nyie mmekuwa viziwi?"

Hapo wasikilizaji wangu hucheka, wengine hujifuta machozi.

Mama hakuwa na roho mbaya. Tulikuwa tumeogopa kwa muda mrefu mno, mpaka mikono ikajifunza kufunga bila kutuuliza. Na yote niliyaona, narudia. Ila yale maji na lile swali ni vyangu, nimeviongeza mimi. Mlango ulifunguliwa jua lilipopoa, na mjomba hakuwa na kiu tena.