Waya wa Upande wa Wikio

Usiunge waya usioujua mwisho wake. Kanuni hii Ngowa aliipokea kwa Mzee Kadenge, fundi umeme wa maghala ya Shimanzi, akaishika kwa miaka kumi na tisa. Aliivunja mara moja, Jumamosi moja ya mwezi wa Januari, katika nyumba ya Bi Swabaha huko Mji wa Kale. Ameniruhusu niandike. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba nisimpambe.

Ngowa ni mtu wa Kaloleni. Aliingia kisiwani na cheti cha chuo cha ufundi na viatu vya kuazima, akamfuata Kadenge ghala hadi ghala akimshikia ngazi. Kila walipokuta waya ukutani, mzee alimuuliza swali lile lile: "Huu unakwenda wapi?" Ngowa akijibu kwamba hajui, mzee alishuka, akaketi juu ya ndoo, na kazi ikasimama mpaka jibu lipatikane. Wenye maghala walikasirika. Kadenge hakujali. Aliwahi kumwona mtu akifa kwa kushika waya ambao kila mmoja aliapa kwamba hauna umeme.

Kwa malezi hayo Ngowa akapata jina. Wenye maduka ya Biashara Street walimwachia funguo. Akina mama wa Mji wa Kale, ambao hawamruhusu kila mwanamume kupanda ghorofani, walimruhusu yeye. Mkewe, Dama, alizoea kumtania kwamba hana shamba wala ng'ombe, ana jina tu, na jina halipikiki. Ngowa alicheka, lakini alilipenda jina lile kuliko alivyojua mwenyewe. Mtu akilipenda jina lake kupita kazi yake, amekwisha kuanza kupotoka, hata kama bado hajafanya kosa.

Bi Swabaha alikuwa na miaka sitini na minane na magoti yaliyokataa ngazi. Aliishi ghorofa ya pili pamoja na bintiye, Fairuz, karani wa ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Mchana kutwa mama alibaki peke yake. Watu walikuja mlangoni, wakapiga hodi mara tatu kama ilivyo ada, na wasipoitikiwa wakaenda zao. Yeye juu hakusikia kitu. Ndipo Fairuz akamwita Ngowa aje kutia kengele.

Kengele ya nyumba si kazi kubwa. Kuna transfoma ndogo ya kupunguza umeme, kengele yenyewe sebuleni, kitufe mlangoni, na waya mbili katikati. Kitufe kikibonyezwa, waya zinakutana na kengele inalia. Taabu iko kwenye kuta. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukizigusa kwa tindo zinamwagika kama unga. Ngowa alikuwa amekwisha kuharibu shibri moja ya ukuta alipoona, juu ya fremu ya mlango, ncha mbili za waya mkongwe. Akazipima. Zilikuwa nzima, na zilipanda mpaka sebuleni.

"Ni za kengele ya kale," Bi Swabaha alimwambia. "Mimi nilikuwa nimeolewa Lamu, sikuikuta. Niliporudi ilikuwa imeshang'olewa."

Ngowa akafurahi. Waya zile zingemwokolea kutwa nzima ya kuchimba. Lakini kule juu, alipobandua chokaa ili azishike, aliona jozi nyingine ya waya imesokotwa pamoja na ile, ikapinda kushoto na kuingia ukutani, upande wa wikio. Wikio ni kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili zinazotazamana. Mlango wa wikio la Bi Swabaha ulikuwa umepigiliwa misumari, na mbele yake pamewekwa kabati.

Lile swali la Kadenge lilimjia. Alilisikia, ananiambia, kama vile mzee amesimama nyuma yake. Akatazama kabati, akatazama saa. Akajiambia kwamba waya ule umekufa. Akaunga.

Fairuz alishuka akabonyeza. Kengele ikalia vizuri, sauti mbili, ya juu na ya chini. Bi Swabaha akatabasamu. "Haya, sasa hata Ziraili atangoja nimfungulie."

"Mama, maneno gani hayo?" Fairuz akaita kutoka chini.

"Maneno ya mtu mwenye kengele."

Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri, kengele ililia. Saa hiyo watu wamefunga madirisha kukimbia jua. Bi Swabaha alijikokota mpaka dirishani, akachungulia chini. Kichochoro kilikuwa kitupu kutoka pembe hadi pembe. Aliporudi kuketi, ikalia tena. Akaita, "Nani?" Hapakuwa na jibu. Jioni ilikuwa vivyo hivyo. Jumatano ikalia tangu asubuhi, kwa vipindi, na kila mara mlangoni hapakuwa na mtu. Fairuz aliporudi kazini alimkuta mamake amefukiza ubani nyumba nzima, naye amekaa katikati ya moshi anasoma dua.

Alhamisi asubuhi Ngowa alifika na mfuko wake.

"Masalkheri, mama."

"Ni asubuhi, fundi. Umechanganyikiwa wewe au mimi?"

"Sabalkheri, mama. Niwie radhi."

"Hebu niambie. Nilikuagiza kengele au nilikuagiza mgeni? Maana kuna mtu yuwabisha na hana sura. Nami najua, asiyetoa sauti hafunguliwi."

"Ni unyevu, mama. Hewa ya chumvi hula vitufe."

Aliteremka na kitufe kipya. Akakitia, akajaribu, kikafanya kazi. Alikuwa bado anafuta mikono kengele ilipolia juu, naye hajakigusa. Akakifungua tena kwa bisibisi, akakitoa kabisa, akazitenga zile waya mbili mbali mbali, kila moja peke yake hewani. Akasimama kizingitini, kitufe kimo kiganjani mwake kama kokwa la embe. Kichochoroni hapakuwa na mtu.

Kengele ikalia.

"Fundi," sauti ya Bi Swabaha ikashuka ngazini, "umebonyeza?"

"Sijabonyeza, mama."

"Basi ni nani?"

Ngowa alikuwa anasikiliza. Ililia mara ya pili. Halafu ya tatu. Kisha kimya, kirefu, kama cha mtu anayengoja aambiwe karibu. Baada ya kimya hicho, tena mara tatu. Hakuna mtu wa pwani asiyeujua mpigo huo. Unyevu hauna adabu. Unyevu hauhesabu tatu na kungoja. Yeyote aliyekuwa mwisho wa waya ule alikuwa anapiga hodi.

Alipanda juu, akasimama mbele ya kabati.

"Mama, upande huu kuna nini?"

Uso wa Bi Swabaha ulikunjamana. "Kuna nduguyangu, Zaki. Nyumba zote mbili zilikuwa za baba. Hatusemezani huu mwaka wa kumi na moja. Alimzika mama kabla sijafika kutoka Lamu. Sikuuona uso wake."

"Yuko peke yake?"

"Aliugua kiharusi, hata kusema hawezi. Yuna mtu wake wa kumtazama, aitwa Kiti, amtazama vizuri. Wewe wauliza kwa nini? Kengele yangu yahusiana nini na Zaki?"

Hapa ndipo nataka msomaji atulie. Jibu la kweli lilikuwa fupi. Mama, niliunga waya nisioujua, na nadhani unakwenda kwa ndugu yako. Baada ya maneno hayo ingemlazimu mtu mmoja ateremke ngazi, avuke kichochoro hatua nne, apande ngazi nyingine. Ngowa aliyatazama maneno hayo na akaona yatakakompeleka. Yangefika kwa Fairuz, kutoka kwa Fairuz hadi ofisini, hadi Biashara Street, kwamba Ngowa naye ni fundi wa kubahatisha. Tena alijiambia, kama wanavyojiambia wengi, kwamba ugomvi wa ndugu si wa mgeni, na kwamba pengine yule mzee anamchokoza dadake tu.

"Haihusiani, mama," alisema. "Ni waya mbovu."

Wakati anayasema hayo kengele ililia juu ya kichwa chake, mara tatu. Safari hii ya mwisho ilikuwa ndefu, kama kidole kimeshindwa kuinuka.

"Izime," Bi Swabaha akasema. "Izime, mwanangu, kabla sijahama nyumba hini."

Ngowa alichukua koleo, akakata. Akafunga kengele nyingine, ya betri, isiyotumia waya ukutani. Akaibonyeza mara kumi ili mama aridhike. Alikunywa kahawa aliyopewa, jambo ambalo si kawaida yake akiwa kazini. Anasema kahawa ile haikuwa na ladha yoyote, na kwamba alipopita chini ya wikio aliinua macho, akaona dirisha dogo limefungwa, akaharakisha hatua.

Ijumaa alikuwa na kazi Shimanzi, kwenye ghala. Mchana kutwa alisikia kengele. Alisimamisha mashine mara mbili na kuwauliza vibarua kama kuna simu inalia. Walimcheka. "Fundi amechoka, apelekwe Feri akapunge upepo." Jumamosi alimwambia Dama habari yote, wakiwa wanachambua mchicha.

Dama aliacha kuchambua. "Na huyo mtu wa kumtazama, ulimwona?"

"Sikumwona."

"Uliambiwa yupo."

"Niliambiwa."

"Ngowa, kesho nenda."

"Nitawaambia watu nini?"

"Utawaambia watu kwamba umekuja kumjulia hali mgonjwa. Nani amewahi kufukuzwa kwa hilo?"

Alikwenda Jumapili asubuhi. Alipoingia kichochoroni alikuta mlango wa Mzee Zaki uko wazi na wanaume watatu wamekaa barazani bila kuzungumza. Kiti alikuwa ndani, ameegemea ukuta, shati limelowa jasho kifuani. Alikuwa ameshuka basi kutoka Ganze saa moja iliyopita.

"Babangu mdogo alifariki," Kiti alimwambia, akirudia kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu. "Nikaenda Jumatatu kuzika. Nilimwachia jagi la maji na mikate kando ya kitanda, nikamwagiza binamu yangu aje kila siku. Binamu hakuja hata siku moja. Jagi nimelikuta sakafuni, limevunjika."

Ngowa aliomba kuingia chumbani. Maiti ilikuwa imekwisha kufunikwa. Ukutani, kando ya mto, palikuwa na kitufe cha kizamani cha shaba, na waya wake ulipanda ukaingia upande wa wikio. Shaba yote ilikuwa na rangi ya moshi, isipokuwa katikati, ambapo iling'aa.

"Mzee alikitia mwenyewe mamake alipougua humu," Kiti akasema, "ili mama amwite yeye mzee, aliyekuwa akilala upande ule. Kilikufa zamani. Lakini Jumamosi ile, nilipokuwa ninamlisha, kengele ililia huko kwa dadake. Mzee aliacha kula. Akanitazama, akatazama kitufe. Nilidhani anakumbuka tu."

Ngowa aliketi sakafuni.

Baada ya siku tatu za matanga alipanda kwa Bi Swabaha. Hakukaribishwa kuketi, wala hakutaka. Alimweleza kila kitu tangu kwenye lile kabati: waya aliouona, swali alilolinyamazia, hodi aliyoisikia akiwa na kitufe mkononi, koleo. Fairuz alilia. Bi Swabaha hakulia. Alikuwa akiitazama miguu yake muda wote.

"Alikuwa akipiga mara ngapi?"

"Tatu tatu, mama. Kisha anangoja."

"Nami nilichoma ubani," alisema.

Hakumlaani Ngowa, na hakumsamehe. Alimwomba asogeze kabati na ang'oe misumari ya mlango wa wikio, na Ngowa akafanya hivyo mchana ule, msumari mmoja mmoja. Tangu hapo hajaitwa tena katika nyumba ile, wala katika nyumba nyingine ya kichochoro kile. Yeye haoni kwamba ameonewa.

Watu hupenda kusema kwamba kifo kile kilikuwa na wenye lawama wengi, yule binamu, Kiti, dada na uchungu wake wa miaka kumi na moja. Ni kweli. Lakini kila mmoja wao aliweza kusema hakujua. Ngowa hawezi kusema hivyo, na ndiyo maana akataka habari hii iandikwe kwa jina lake.

Mzee Zaki alikuwa na miaka sabini na mitatu. Daktari alisema alikufa Ijumaa usiku, kwa kiu, na kwamba kikombe cha maji siku ya Alhamisi kingetosha kumwokoa.