Mama Spana na Ndege ya Daktari
Mama Spana alikuwa ametengeneza injini za ndege ndogo miaka kumi na tisa bila kupanda hata moja. Akifungiwa mahali padogo, pumzi zilimbana. Hata choo cha karakana alikitumia mlango ukiwa wazi kidogo, na wenzake walishazoea kupiga mluzi kabla ya kukaribia.

Siku alipomaliza kubadilisha plagi za ndege ya daktari mmoja mstaafu, mzee yule alimwomba waruke kidogo, asikie mwenyewe injini inavyokwenda. Angekataaje? Ndiye aliyemtibu mama yake miezi minane mpaka akasimama. Kiti cha mbele cha abiria kilikuwa bado kwa mshona viti, basi akajibana nyuma.

Walikuwa wanarudi kutua, uwanja unaonekana kabisa, injini ikakohoa mara mbili ikalegea. Mapanga ya mbele yakawa yanazungushwa na upepo tu. Chini yalikuwa mapaa ya maghala. Daktari akavuta usukani kwa nguvu, kana kwamba ataibeba ndege mikononi.

Mama Spana alijua kwa sikio: injini imekosa mafuta. Tangi la kushoto limekauka, la kulia limejaa, na kishikio cha kubadilisha tangi kiko karibu na goti la daktari. Alinyoosha mkono, mkanda ukamrudisha. Dawa anaijua, naye amefungwa kama mzigo.

"Daktari, shusha pua ya ndege, isipoteze kasi," akasema polepole. "Sasa mkono wa kushoto, pembeni ya goti. Geuza tangi."

Akageuza. Injini ikashika, ikasita, ikashika tena, ikawavusha maghala kwa taabu. Wakatua kwa kishindo kwenye majani na kuburuta uzio wa uwanja. Mlango ukajikunja, ukagoma kufunguka.

Jasho lilimtiririka Mama Spana. Alihisi kuta zinamsogelea. Ndipo daktari akazungumza bila kugeuka.

"Wakija, tuseme injini ilizima yenyewe. Wakijua nilisahau tangi, leseni imekwenda. Nimebakiwa na kuruka tu."

Mama Spana alimkumbuka mama yake.

"Mama anatembea kwa sababu yako," alisema. "Lakini injini hii ina sahihi yangu. Tukisema ilizima yenyewe, kosa litakuwa langu."

Wazima moto wakafika, wakakata mlango.

Wachunguzi walipomuuliza, alieleza yote. Daktari hakubisha. Leseni ilipochukuliwa na ndege kuuzwa, Mama Spana alikwenda kumsalimu. Mzee alimkaribisha vizuri, akauliza hali ya mama, kisha akauliza kama mmiliki mpya wa ndege anaitunza.

"Anaitunza," alijibu, ingawa hakuwahi kumwona.