Kitambaa cha Kukhu Nasimiyu

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa msichana wa kuchekacheka, ndoto zimejaa kichwani kuliko mahindi kwenye gunia. Usinitazame hivyo. Mvi zangu bado zinahesabika na masomo yangu yaliishia darasa la nane, lakini aliyeungua ndiye ajuaye joto la chungu.

Marehemu baba aliniachia mashine ya kusaga unga hapa Naitiri, ya dizeli, yenye kelele za kuamsha wafu. Bomba lake la moshi lilitazama moja kwa moja nyumba ya jirani yetu, Kukhu Nasimiyu. Kukhu ni nyanya, na huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Kifua chake kilikuwa kibovu. Akikohoa yeye, naumia mimi. Nikamwahidi: "Kukhu, moshi huu nitaumaliza."

Na kweli, mimi na chama chetu cha akina mama tukapata paneli za sola na kinu cha pili cha kuendeshwa na umeme wake. Siku ya kuwasha, kilizunguka kimya, bila harufu. Nililia. Wageni wakaja kutoka Bungoma na kamera zao, wakapigilia kibao mlangoni: KINU KISICHO NA MOSHI. Mgema akisifiwa, mwanangu, tembo hulitia maji.

Maana injini ya dizeli sikuitoa. Niliiacha kule nyuma, ati ya siku za mawingu. Basi unga wa jua ukapata jina, watu wakaja kutoka Kimilili, wengine mpaka Kitale. Foleni ikafika barabarani. Nikasema, washa na ile ya zamani, isaidie kidogo. Halafu tukaanza kusaga na chakula cha kuku. Hicho kidogo kikawa kutwa nzima. Mimi nilikaa mbele, chini ya kibao, nikisikia sifa. Injini ilikuwa nyuma, kwa Kukhu.

Yeye hakuamini kibao hata siku moja. Tangu wiki ya mwisho kabla ya sola, alikuwa ametundika kitambaa chake cheupe cha kanisani kwenye ua, kuanzia Jumatatu. Jumamosi akakianua, akakikunja bila kukifua, akakiweka sandukuni. Mwaka ulipoisha akatundika kingine, siku zile zile. Jumamosi hiyo ndipo aliponijia navyo vyote viwili.

"Nafula, soma kibao chako."

"Kinu kisicho na moshi, Kukhu."

"Sasa soma hii." Akavitandaza juu ya magunia. Cha zamani kilikuwa cha kijivu. Kipya kilikuwa cheusi.

"Si ni vumbi tu, Kukhu! Kiangazi hiki..."

"Vumbi ya Naitiri ni nyekundu. Hata mtoto wa nasari anajua."

"Lakini nusu ya unga wangu sasa ni wa jua!"

"Nusu ya unga gani? Zamani ulikuwa unasaga kidogo, yote ya dizeli. Saa hii unasaga mingi. Hiyo nusu ya dizeli ya leo si imepita yote ya jana?" Akakohoa mpaka akashika mlango. "Jua lilikuja kutoa injini, ama kuisaidia?"

Nikamsogezea gunia akae, naye akaendelea:

"Hata kwa redio wanasema nchi inakua, ati umeme ni wa maji, wa upepo, wa mvuke wa ardhini. Nafurahi. Lakini nangoja waseme ni nini kimezimwa, siwasikii. Nchi ni kinu chako tu, imenenepa."

Nikazunguka nyuma, nikatazama mitungi mitupu ya dizeli. Ilikuwa mingi kuliko enzi za baba. Kikulacho ki nguoni mwako; mimi ndiye niliyekuwa namuua aliyenilea, huku nikipigiwa makofi.

Jumatatu injini ikang'olewa. Jamaa mmoja wa Saboti aliitaka, nikamkatalia. Kukhu wa Saboti naye si ana kifua? Tukaivunja; gurudumu lake ndilo lile ninalofungia ng'ombe. Kibao nilikitoa kwa mkono wangu. Siku za mawingu wateja walingoja wakilalamika, na wengine hawakurudi mpaka leo.

Kifua cha Kukhu hakikupona chote, sitakudanganya. Lakini kabla hajatuacha alitundika kitambaa mara ya mwisho. Alipokianua akaniita, akakinyoosha juani, kimeiva wekundu. "Ona," akacheka, "hii sasa ndiyo vumbi."

Kwa hiyo, mwanangu, ota na ukue, wala usiogope paneli; jua ni neema. Ila mtu akikuonyesha kipya kinachong'aa, zunguka nyuma uone kama cha zamani kimezimwa. Akikuambia kila gunia sasa lina moshi mdogo, muulize magunia yamekuwa mangapi. Na ukisifiwa sana, tuma mtu akatazame kwa jirani, maana anayekaa upande wa bomba ndiye ajuaye ukweli.

Mungu akupe jua la kutosha kazi yako, kifua chepesi cha kuimbia, na karibu na ua wako amweke mzee mmoja mkaidi, mwenye kitambaa cheupe.