Chakula Oganiki Alicholeta Mkwe

Jirani akiniuliza kama chakula oganiki kinawafaa kuku wa mayai, napandisha sauti kabla sijajibu. Kinamfaa anayekiuza. Lakini nieleze vizuri, maana wapo wanaodhani ni ubahili tu unaonisumbua.

Naishi Tegeta, na nyuma ya jiko nina banda la kuku kumi na wanne, chotara, watagaji wazuri. Chakula chao nachanganya mwenyewe: pumba kutoka mashineni, mashudu ya alizeti, dagaa wa kusaga, na maganda ya konokono wa baharini ili yai liwe na ganda gumu. Jioni wanapata mabaki ya ugali na mchicha. Wakishikwa na mafua nawatilia dawa kwenye maji ya kunywa, kama mfugaji yeyote. Nimefuga hivyo miaka kumi na moja, na mtaa mzima umekula mayai yangu bila kulalamika.

Mwaka jana binti yangu alikuja nyumbani kusubiri kujifungua. Kwetu ndiyo desturi, mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama wa binti, na mama anamlisha mzazi mpaka arobaini ziishe. Alishawahi kupata mimba kabla ya hiyo, ikaharibika mwezi wa tano, akiwa amekuja kunitembelea, humu humu ndani mwangu. Kwa hiyo safari hii nilitaka kila kitu kinyooke. Nilitaka ale chakula cha mkono wangu, anenepe, arudi kwa mumewe amebeba mtoto.

Wiki haijaisha, mumewe akaja na mfuko wa kijani begani. Akasimama barazani, macho chini, kama mkwe mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Ahsante. Nimeleta chakula cha kuku, ni oganiki, hakina kemikali. Nilikuwa naomba, mama, kama haitakuwa usumbufu, mayai atakayokula mwenzangu yatoke kwa kuku wanaokula hiki."

Bei ya mfuko ule ingeninunulia mifuko miwili na nusu ya chakula changu, na chenji ya mchicha. Lakini si bei iliyoniuma. Kijana asiyejua hata kuku anatagaje anakuja kuniambia kwa upole kwamba nalisha watu sumu. Angekuwa mwanangu ningemjibu pale pale. Lakini mkwe hagombezwi. Mama mkwe na mkwe wanaheshimiana, hawatazamani usoni, hawabishani, na hilo ndilo tulilofundishwa. Nikasema ahsante, baba, Mungu akuzidishie. Halafu nikaingia jikoni nikazipiga sufuria zisizo na kosa.

Mfuko nilipoufungua nilichota chakula kidogo nikakisugua kiganjani. Pumba. Mashudu. Soya kidogo, na dagaa wa kutafuta kwa miwani. Vitu vile vile, vimevalishwa tu picha ya kuku anayecheka. Nikampigia muuzaji, namba ilikuwa kwenye mfuko, nikamuuliza kama naweza kuongeza dagaa na maganda. Akaniambia nikichanganya chochote siyo oganiki tena, hata mabaki ya ugali nisiwape. Nikatii. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba mimi, kwa umri huu, nilitii.

Kuku hawakutii. Nilikuwa naokota mayai kumi au kumi na moja kwa siku. Wiki ya pili nikaokota manne, mawili yakiwa laini kama puto lililoishiwa pumzi. Nikampigia tena muuzaji.

"Hiyo kawaida, mama. Wanatoa sumu mwilini. Wape mwezi mmoja."

"Sumu gani?"

"Ya chakula cha zamani."

Nilikata simu. Sasa nifanyeje? Binti anatakiwa ale mayai mawili kila asubuhi. Nikisema kuku wamegoma, mkwe atajua chakula chake kimeshindwa, na kumwambia mkwe kwamba ameshindwa ni kumvua nguo. Nikaenda genge la mbele, mbali na wanaonifahamu, nikanunua trei ya mayai, nikaificha uvunguni mwa kitanda changu. Kila asubuhi nilichukua mawili, nikamchemshia. Naye akayala yote, mpaka makombo ya kiini akayafuta kwa kidole.

Jumapili mkwe akaja kumtazama mkewe. Akasimama pale pale barazani.

"Mama, ahsante kwa kukubali kile chakula. Mwenzangu anasema mayai ya sasa hivi ni matamu, tofauti kabisa na yale ya zamani."

Yale ya zamani! Yaliyomkuza yeye huyo mwenzake! Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Alipoondoka nilimkuta binti yangu jikoni anamenya vitunguu, na hasira zote za mwezi ule zikamwagika. Nilimwambia mumewe ananidharau, amenionyesha kwamba mikono yangu ni michafu, na kwamba kama si heshima ningemrudishia mfuko wake barabarani watu wakiona. Binti aliendelea kumenya mpaka nikamaliza.

"Mama, si yeye," akasema. "Ni mie. Nilimwomba aseme kwa sababu yeye huwezi kumbishia."

"Wewe unaniogopa mimi?"

"Ile mimba ya kwanza, kuku walikuwa na mafua, ukawatilia dawa. Yule wa duka la dawa alikwambia mayai tuyatupe wiki nzima. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Tulivyorudi ukayakaanga, tukala."

Ni kweli. Nilisema nani anatupa mayai mji huu, nikacheka.

"Daktari alisema haihusiani," nikamwambia.

"Najua. Hata mie alinambia. Lakini kila nikiona yai nakumbuka. Haya ya sasa angalau nakula roho ikiwa imetulia."

Ningeweza kunyamaza. Mpaka leo kuna siku nasema ningenyamaza. Lakini nilishindwa kumtazama akishukuru uongo, nikamwambia mayai yote aliyokula wiki zile ni ya genge, na kuku walioyataga sijui walipewa dawa gani.

Aliweka kisu chini. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alinyanyuka ameshika kiuno, akaingia chumbani, akampigia mumewe aje kumchukua.

Alijifungulia Kawe, kwa mama wa mumewe. Mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Mfuko wa kijani nilishaugawa, kuku nikawarudishia chakula changu, na mayai yakarudi kumi kwa siku, yenye maganda magumu, yakijaa kwenye kapu.

Nilikwenda kumtazama mzazi siku ya nne. Nikakaa kwenye mkeka, mjukuu mapajani. Mwenye nyumba, mama mkwe wake, akatoka jikoni na sahani ya mayai mawili ya kuchemsha, akaiweka mbele ya binti yangu. Binti akachukua moja, akalibandua ganda, akala, akachukua la pili. Hakuuliza yametoka wapi.